Dawa Iliyopatikana Ikapotea

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa. Mwalimu wa darasa awasomee wanafunzi orodha ya maneno kwanza. Kisha wanafunzi wafuate somo wakiwa na karatasi hii mbele yao.

MANENO YA KUJUA KABLA YA KUSOMA

Kiseyeye: ugonjwa wa kuvimba ufizi na kutoka damu, ambao humdhoofisha mtu na mwisho humwua.
Ufizi: nyama inayoshika meno.
Manowari: merikebu ya vita.
Simbilisi: mnyama mdogo wa kufugwa, afanana na panya mnene asiye na mkia.
Vitamini: kitu kidogo sana kilichomo ndani ya chakula, ambacho mwili hauna budi kukipata ili uwe na afya.

SOMO

Natumaini kila mmoja ameketi, taa imewashwa, na kalamu zi tayari. Somo letu la leo ni la mambo ya kale na sayansi pamoja. Fuateni polepole katika karatasi zenu. Asiyeweza kusoma neno fulani asione haya. Alipigie mstari, na mwalimu wa darasa atamsaidia tukimaliza.

Naanza na swali. Ufunguo ukipotea hutafutwa ukaonekana. Je, maarifa nayo yaweza kupotea? Je, watu waweza kuijua dawa ya ugonjwa, wakaitumia miaka mingi na kupona, kisha wakaiacha wasijue kuwa wameiacha, hata ugonjwa ule ule ukarudi kuwaua? Wengi wenu mtasema haiwezekani, hasa kwa watu wenye vyuo na vitabu. Lakini ilitokea. Ugonjwa wenyewe ni kiseyeye, na dawa yake ni tunda ambalo kila mmoja wenu amekwisha kulimenya.

Ugonjwa wa mabaharia

Hapo zamani mabaharia wa Ulaya walikiogopa kiseyeye kuliko dhoruba na kuliko mizinga ya adui. Ugonjwa huu huanza kimyakimya. Mtu huchoka bila kufanya kazi nyingi, na miguu humwuma. Kisha madoa ya damu hutokea katika ngozi, ufizi huvimba, pumzi hunuka, na meno hulegea hata mtu hawezi kutafuna. Mwisho damu humwagika ndani ya mwili, na mgonjwa hufa, pengine ghafula, alipokuwa akijaribu kuinuka tu.

Jambo la ajabu zaidi ni kwamba kiseyeye hufungua majeraha ya zamani. Mwaka 1740 mkuu mmoja wa manowari za Kiingereza, George Anson, aliondoka Uingereza na manowari sita. Walikuwa watu wapatao 1,900. Safari yake ya kuizunguka dunia ilipokwisha mwaka 1744, zaidi ya watu elfu moja walikuwa wamekufa, wengi wao kwa ugonjwa. Waliouawa na adui walihesabika kwa vidole. Katika mabaharia hao alikuwamo mzee aliyejeruhiwa vitani huko Ireland mwaka 1690, katika mapigano ya mto Boyne. Majeraha yake yalikuwa yamefunga kwa miaka hamsini. Kiseyeye kilipomshika, majeraha yale yakafunguka upya, kana kwamba hayakupata kupona. Hata mfupa uliovunjika zamani na kuunga ulionekana umeachana tena. Likumbukeni jambo hili, maana sababu yake ilijulikana karibu miaka 200 baadaye, nasi tutaifikia.

Chakula cha mabaharia wale kilikuwa biskuti ngumu kama ubao, nyama ya chumvi, na nafaka kavu. Matunda na mboga havikuchukuliwa kwa safari ndefu, kwa kuwa huoza upesi.

Machungwa ya Mombasa

Tuje sasa katika pwani yetu. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 merikebu za Mreno Vasco da Gama zilifika Mombasa. Zilikuwa zimetoka Lisbon mwezi wa Julai mwaka uliotangulia, na njiani mabaharia wengi walikuwa wameugua. Mikono na miguu ilivimba, na ufizi ukaota juu ya meno hata hawakuweza kula. Mfalme wa Mombasa alimpelekea mgeni kondoo, machungwa mengi, malimau na miwa. Muda si muda wagonjwa wakapona.

Mreno mmoja aliyekuwa akiandika habari za safari ile aliyataja machungwa ya Mombasa, na kupona kwa wagonjwa pia alikutaja. Lakini hakuviunganisha vitu hivyo viwili. Aliandika kwamba wagonjwa walipona kwa rehema ya Mungu, kwa sababu hewa ya mji huo ni nzuri sana.

Ndugu zangu, hewa ya Mombasa ni nzuri, nami sitaki kugombana na watu wa Mombasa. Lakini hewa haiponyi kiseyeye. Leo tunajua kwamba kilichomo ndani ya machungwa na malimau ndicho kinachoponya, na kwamba huponya kwa siku chache tu. Mwandishi yule aliiona dawa kwa macho yake, akaiandika kwa mkono wake, wala asiitambue.

Kutoka hapo Wareno walikwenda Malindi. Mfalme wa Malindi akawapa rubani anayeijua bahari, nao wakavuka mpaka India kwa siku 23, wakisukumwa na upepo wa kusi. Walipotaka kurudi hawakungoja kaskazi. Manahodha na wavuvi mnaonisikiliza mnajua kwamba kaskazi hushika mwishoni mwa mwaka, lakini wao waliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba. Mara shwari, mara upepo wa mbisho. Bahari ile ile waliyoivuka kwa siku 23 iliwachukua karibu miezi mitatu.

Katika kivuko hicho watu 30 walikufa kwa kiseyeye. Katika kila merikebu wakabaki watu saba au wanane tu wenye nguvu ya kufanya kazi. Walipofika Malindi, tarehe 7 Januari 1499, nahodha alituma mtu pwani kutafuta machungwa, maana wagonjwa waliyatamani mno. Wengine yaliwafikia wamekwisha chelewa, wakafa pale pale. Siku chache baadaye Wareno waliichoma moto merikebu yao moja, São Rafael, huko kusini ya Mombasa, kwa kuwa watu waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu.

Kwa nini siku 23 hazikuwaua, na miezi mitatu ikawaua? Mwili wa mtu una akiba ya kitu kile kilichomo ndani ya chungwa. Akiba hiyo yaweza kumtosha mtu miezi miwili au zaidi, kama mahindi ya ghalani. Jahazi likifuata majira ya upepo huvuka kwa wiki chache, na ghala bado lina kitu. Mtu anayekaa baharini miezi mitatu, akila biskuti na nyama ya chumvi, ghala lake huwa tupu.

Wagonjwa kumi na wawili

Tangu machungwa yale ya Malindi ikapita miaka 248. Katika muda huo wako manahodha waliosifu malimau, na wako waliosifu siki, na wako waliosema dawa ni kuwafanyisha mabaharia kazi zaidi, kwa kuwa waliona uchovu wa mgonjwa wakadhani ni uvivu. Kila mtu alikuwa na dawa yake, na kila mtu alikuwa na jirani aliyepona.

Ndipo akatokea daktari mmoja Mskoti, jina lake James Lind, wa manowari iliyoitwa Salisbury. Tarehe 20 Mei 1747, wakiwa baharini, alichagua wagonjwa 12 wa kiseyeye ambao hali zao zilifanana. Akawalaza mahali pamoja. Akawapa chakula cha namna moja, kama vile uji wenye sukari asubuhi na mchuzi wa kondoo. Kisha akawagawa wawili wawili, na kila wawili akawapa dawa yao ya kila siku, namna hii:

Wawili wa kwanza walipewa pombe ya matufaha, kiasi cha lita moja.
Wawili wa pili walipewa matone 25 ya dawa yenye tindikali, mara tatu kwa siku.
Wawili wa tatu walipewa siki, vijiko viwili, mara tatu kwa siku.
Wawili wa nne walipewa maji ya bahari, kikombe kikubwa.
Wawili wa tano walipewa machungwa mawili na limau moja.
Wawili wa sita walipewa donge la kitunguu saumu, haradali na vitu vingine, ukubwa wake kama kungumanga.

Machungwa yalikwisha baada ya siku sita. Lakini siku sita zilitosha. Mmoja wa wale wawili waliokula machungwa alikuwa karibu mzima, akarudi kazini. Mwenziwe alipata nguvu hata akawekwa kuwauguza wengine. Waliokunywa pombe ya matufaha walipata nafuu kidogo. Wanne wa siki na maji ya bahari, na wale wa tindikali na kitunguu, hawakupata faida ya kusifika.

Uzuri wa jaribio hili hautokani na machungwa peke yake. Wagonjwa walifanana, mahali ni pamoja, na chakula ni kimoja. Kilichotofautiana ni dawa tu. Basi aliyepona zaidi, sababu ni dawa yake, si chakula chake wala hewa yake. Yule mwandishi wa Mombasa hakuwa na njia ya kutenga hewa na machungwa, kwa kuwa wagonjwa wake walipata vyote viwili kwa pamoja.

Jambo hili lawafaa hata ninyi. Mtu akija sokoni na chupa, akisema, “Dawa hii ilimponya shemeji yangu,” mwulizeni: Je, shemeji yako hakutumia kitu kingine? Wangapi waliitumia wasipone? Na wangapi walipona bila kuitumia? Kama hana jibu, fungeni mikoba yenu.

Miaka 48 ya kungoja

Mnadhani sasa habari imekwisha, na tangu siku ile kila manowari ilipakia malimau. Haikuwa hivyo. Lind aliandika kitabu, kikatoka mwaka 1753. Kilikuwa na kurasa zaidi ya 400, na jaribio lake lilichukua kurasa chache tu katikati ya nyingine. Yeye mwenyewe bado aliamini kwamba kiseyeye kina sababu nyingi, mojawapo hewa ya unyevunyevu.

Tena alitafuta njia ya kuyahifadhi maji ya machungwa na malimau yasioze. Alishauri yapashwe moto polepole kwa saa nyingi mpaka yawe mazito kama asali, kisha yatiwe katika chupa. Moto ule uliharibu sehemu kubwa ya kile kinachoponya. Hata baada ya kupimwa na wengine, dawa hiyo ya chupa ilionekana dhaifu. Aliyeyapima machungwa kwa uangalifu mkubwa hivyo hakuipima dawa yake ya chupa kwa njia ile ile.

Ilikuwa mwaka 1795 ndipo wakuu wa jeshi la bahari la Uingereza, kwa juhudi za daktari mwingine, Gilbert Blane, walipokubali kuwapa mabaharia maji ya malimau yasiyopikwa. Kutoka 1747 mpaka 1795 ni miaka 48. Lind alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, 1794. Baada ya hapo kiseyeye karibu kiliondoka kabisa katika manowari za Kiingereza. Dawa ilikuwa imepatikana.

Jinsi dawa ilivyopotea

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye ajabu.

Malimau yale ya kwanza yalitoka nchi za bahari ya Mediterania. Miaka ya 1860 jeshi la bahari la Uingereza lilianza kutumia ndimu badala yake, kutoka visiwa vya Karibi, ambako Waingereza walikuwa na mashamba yao. Mwanamke yeyote anayeuza sokoni ajua kwamba ndimu si limau. Lakini Waingereza wa siku zile waliyachanganya majina ya matunda hayo mawili, wakaona yote ni makali, basi ni mamoja. Walidhani ukali ndio unaoponya.

Ukali si dawa. Siki nayo ni kali, na Lind alikwisha onyesha kuwa haiponyi. Ndimu ina vitamini ya kuzuia kiseyeye kidogo kuliko limau. Tena maji yake yalipitishwa katika mabomba ya shaba na kukaa siku nyingi, hata ile kidogo iliyokuwamo ikaharibika. Mabaharia waliendelea kunywa kila siku kitu ambacho karibu hakikuwa dawa tena.

Mbona hawakuugua? Kwa sababu meli za moshi zilikuwa zimekuja. Safari ya miezi mitano ikawa ya wiki chache, na baharia alifika bandarini na kula mboga na matunda kabla ya ghala lake kuwa tupu. Walidhani wanalindwa na chupa ya ndimu, kumbe wanalindwa na injini ya meli.

Kosa likaonekana pale watu waliposafiri mahali pasipo bandari. Mwaka 1875 nahodha George Nares aliongoza merikebu za Kiingereza kwenda kaskazini ya dunia, kwenye barafu. Maji ya ndimu yalikuwamo merikebuni. Hata hivyo mwaka 1876 wengi waliugua kiseyeye, na wengine wakafa. Basi wenye elimu walishangaa. Badala ya kuuliza, “Je, dawa hii ni ile ile ya zamani?” wengi walisema, “Matunda hayana maana.” Wakazua sababu mpya, kwamba kiseyeye huletwa na sumu iliyomo katika nyama ya kopo iliyoharibika.

Mwaka 1902 Robert Scott na wenzake walikuwa kusini ya dunia, kwenye barafu, wakiifuata imani hiyo ya sumu ya nyama. Kiseyeye kikawashika. Walipona walipoanza kula nyama mpya ya sili, mnyama wa bahari ya baridi. Walikuwa wakiishi katika karne ya ishirini, miaka 155 baada ya jaribio la Lind.

Kupotea huko kulifika hata katika nyumba za matajiri. Mwaka 1883 daktari Thomas Barlow wa London alieleza kwamba watoto wachanga wa watu wenye fedha walikuwa wakiugua kiseyeye. Watoto hao hawakunyonya. Walilishwa maziwa ya kopo na unga wa watoto wa dukani, uliosifiwa sana siku zile. Mtoto wa maskini aliyenyonya titi la mama yake alipata vitamini bila kulipa senti.

Simbilisi, mbuzi na pilipili

Dawa ilionekana tena kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Mwaka 1907 huko Norway, Axel Holst na Theodor Frølich walikuwa wakichunguza ugonjwa mwingine, uitwao beriberi. Waliwalisha simbilisi nafaka na mkate tu, wakingoja waugue beriberi. Simbilisi wakaugua kiseyeye. Walipopewa mboga mbichi na matunda wakapona.

Hiyo ilikuwa bahati kubwa. Kama wangewatumia panya, hawangeona kitu, kwa sababu panya hawaugui kiseyeye. Ng'ombe haugui, mbwa haugui, wala mbuzi haugui. Mbuzi hutengeneza vitamini hiyo mwenyewe ndani ya ini lake, kila siku, kutokana na sukari iliyomo mwilini. Ndiyo maana nyama mpya iliwaponya watu wa Scott, kwa kuwa mnyama yule alikuwa amekwisha tengeneza dawa ndani yake. Lakini mwanadamu hawezi. Nyani hawezi, popo wengi hawawezi, na simbilisi hawezi. Kati ya wanyama wote wa kufugwa, wale madaktari wawili waliokota karibu yule mmoja aliye kama sisi.

Tangu hapo ikawezekana kupima chakula chochote kwa kutumia simbilisi. Mwaka 1918 Bibi Harriette Chick na wenzake huko London walipima malimau na ndimu. Wakaona kwamba maji mapya ya ndimu yana nguvu kama robo tu ya nguvu ya limau, na yale yaliyohifadhiwa siku nyingi karibu hayana nguvu kabisa. Fumbo la Nares likafumbuliwa, baada ya miaka 42.

Lakini kitu chenyewe kilichomo ndani ya limau kilikuwa hakijashikwa. Mwaka 1928 Albert Szent-Györgyi, mtu wa Hungaria, alipata kitu kinachofanana na sukari, wala hakujua ni nini. Kwa mzaha alikipa jina lenye maana ya “sukari nisiyoijua”. Mhariri wa gazeti la sayansi akakataa. Akaleta jina jingine lenye maana ya “Mungu ndiye ajuaye”. Mhariri akakataa tena. Mwaka 1932 ikathibitishwa kuwa kitu hicho ndicho vitamini C.

Shida ikawa kukipata kwa wingi. Alikuwa akiishi Szeged, mji wenye sifa ya kulima pilipili. Jioni moja mkewe alimwandalia pilipili hoho mbichi. Mwenyewe alisimulia kwamba hakuwa na hamu ya kuila, na kwa kuwa hakuwa na ujasiri wa kumwambia mkewe, alisema ataipeleka kazini akaichunguze. Kabla ya usiku wa manane alijua kwamba pilipili ile imejaa vitamini C. Baada ya wiki chache akawa na zaidi ya kilo moja. Mwaka 1937 akapewa tuzo ya Nobel.

Sasa tumrudie yule mzee wa manowari ya Anson. Mwaka 1939 daktari Mmarekani, John Crandon, alikula kwa miezi chakula kisicho na vitamini C, ili ajaribu mwili wake mwenyewe. Baada ya miezi mitatu alikatwa kidogo ngozi ya mgongo, na jeraha likapona vizuri. Baada ya miezi sita akakatwa tena, na jeraha halikupona. Alipopewa vitamini C likapona. Sababu ni kwamba nyama ya mwili hushikwa pamoja na nyuzi ngumu, kama makuti yanavyoshikwa na kamba za paa. Mwili hauwezi kusuka kamba hizo barabara bila vitamini C. Na kovu halikai vile vile milele, bali mwili hulisuka upya siku zote. Kamba mpya zikikosekana, kovu la miaka hamsini hufunguka.

Habari hii yatuhusu

Msidhani kwamba kiseyeye ni habari ya merikebu za kale tu. Katika miaka ya 1980 kilizuka katika kambi za wakimbizi huko Somalia na Sudan, kwa watu waliopewa nafaka, maharagwe na mafuta, bila mboga wala matunda. Hawakuwa baharini, lakini chakula chao kilikuwa cha baharini.

Mtu mzima akipata miligramu kumi tu za vitamini C kwa siku hawezi kuugua kiseyeye, ingawa zaidi ya hizo ni bora kwa afya. Nusu ya chungwa yatosha na kuzidi. Pera lina nyingi kuliko chungwa. Papai, embe, nyanya, pilipili hoho na mboga za majani zote zinayo. Unga mweupe wa ubuyu unayo kwa wingi, nao hukaa siku nyingi bila kuoza.

Kumbukeni kosa la chupa za Lind. Moto na maji huiondoa vitamini hii. Kwa hiyo osheni mboga kabla ya kukata, si baada. Tieni maji kidogo, msipike muda mrefu, wala msimwage mchuzi wake. Kisamvu hakina budi kutwangwa na kuchemshwa sana ili sumu yake itoke, basi anayekula kisamvu na ale tunda pia. Na mtu ambaye ufizi wake hutoka damu aende hospitali, maana ziko sababu nyingine pia.

Sasa tazameni maarifa yale yalivyopotea. Hayakuibiwa, wala vitabu havikuchomwa. Watu walijua kwamba dawa inaponya, lakini hawakujua kwa nini inaponya. Kwa hiyo tunda lilipobadilishwa, hawakujua kwamba dawa imebadilishwa. Jina lilibaki na chupa ilibaki, ila kilichomo ndani hakikuwamo.

Nanyi mnayo maarifa mengi majumbani mwenu, ya mbegu, ya mvua, ya uvuvi, ya kulea watoto. Mengi hayajaandikwa. Sasa kwa kuwa mnashika kalamu, andikeni. Msiandike jina tu. Andikeni ni kitu gani hasa, kiasi gani, kilitumiwa namna gani, na nini kilitokea. Na kitu kimoja kikibadilika, hata kiwe kidogo, kipimeni tena.

MASWALI YA KUJIBU DARASANI

1. Mwandishi wa Kireno alisema wagonjwa wa Mombasa waliponywa na nini? Wewe wasemaje?
2. Wagonjwa 12 waligawanywa katika mafungu mangapi? Kila fungu lilikuwa na watu wangapi?
3. Kwa nini Lind aliwapa wote chakula cha namna moja?
4. Meli za moshi zilifichaje udhaifu wa maji ya ndimu?
5. Mbuzi haugui kiseyeye. Eleza sababu.
6. Andika sentensi tano kueleza jambo moja unalolijua wewe la kazi yako au la nyumbani. Taja kitu chenyewe, kiasi chake, na namna ya kukitumia. Kisha mpe jirani yako asome. Kama hakuelewa jambo lolote, ongeza lile lililokosekana.

Basi, ndugu zangu, kalamu mkononi. Kwaherini mpaka somo lijalo.